Binti aligoma kumpisha bibi kwenye daladala, gari zima tukamshambulia. Mnadhani alikuwa na nini?

#1 MtotoWaTazara
Wadau, salaam. Jambo hili lina siku tano linanikaa kooni, nimeona nilishushe hapa.

Jumatatu, kama saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa kwenye daladala la Gongo la Mboto kwenda Kariakoo. Gari limejaa mpaka mlangoni. Pale Banana akapanda bibi wa miaka sabini hivi, ana kikapu. Akasimama ubavuni kwa binti aliyekaa siti ya pili nyuma ya dereva. Binti ni wa miaka ishirini na kitu, kapendeza, hana mtoto, hana mzigo zaidi ya bahasha kubwa ya kaki mapajani na chupa ya maji. Konda akamwambia, "Dada, mpishe bibi." Akatikisa kichwa. Konda akarudia. Binti akasema kwa sauti ndogo, "Samahani, siwezi." Basi.

Moto ukawaka hapo. Kila mtu akawa mzazi wake. Mmoja akasema ndiyo matunda ya kulelewa na simu, mwingine akasema ataolewa na nani huyu. Nami nikatia langu. Nilisema kwa nguvu makusudi ili asikie: "Huyu kwao hakuna mzee."

Hakumjibu mtu. Nilikuwa nimesimama karibu juu yake, kwa hiyo mkono wake wa kulia niliuona vizuri. Ulikuwa umeshika chuma cha siti ya mbele, vidole vimekaza mpaka kucha zimegeuka nyeupe. Kwa mkono wa pili anakunywa maji funda dogo, anabana chupa mapajani anaifunga, anaifungua tena, funda jingine. Hivyo hivyo kuanzia Jeti mpaka Buguruni.

Ilala Boma akashuka, kwa kushika kila kilichoshikika. Akapiga hatua nne tano, akakaa kwenye ukingo wa mtaro, akaweka bahasha juu ya magoti na paji la uso juu ya bahasha. Konda akagonga bodi, gari likaondoka. Mimi sikushuka.

Alikuwa na nini yule? Na sisi tulitakiwa tujuaje?

#2 Shoka Butu
Mkuu, unajitesa bure. Vijana wa sasa hawapishi mtu. Mimi nina miaka 61, nasimama Mbagala mpaka Posta na watoto wamekaa wamevaa spika za masikioni. Angekuwa mgonjwa angesema "naumwa". Mdomo alikuwa nao.

#3 Nesi wa Zamu
Nimesoma #1 mara mbili. Funda dogo dogo la maji, kushika chuma, kukaa chini mara tu baada ya kushuka. Kwa miaka 12 niliyokaa wodini, la kwanza lililonijia ni sikoseli, au selimundu kama tunavyoandika kwenye mafaili. Chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na pale zinapokwama damu haipiti. Maumivu yake si ya kuumwa mguu ukasema umejigonga. Yanashika mgongo, nyonga, kifua, miguu, na kwa nje huoni jeraha wala uvimbe. Wanashauriwa kunywa maji mara kwa mara, maana mwili ukikauka ndiyo unaita maumivu.

Shoka Butu, shikamoo mzee wangu. "Samahani, siwezi" ni maneno mawili. Wakati mwingine ndiyo yote mtu aliyobakiwa nayo.

#4 Shoka Butu
Marahaba binti yangu. Lakini hiyo ni ramli, hujamwona.

#5 Nesi wa Zamu
Kweli sijamwona. Hata nyinyi mliokuwa naye mle ndani hamkumwona.

#6 Mama Tunu
Mimi nasema mimba changa. Ya Tunu, wiki ya tisa, tumbo halina hata dalili, na nikisimama dakika tano dunia inageuka. Siku moja nimekaa, akaja mzee, nikasimama kwa aibu. Nilizimia nikamwangukia yeye yule yule niliyempisha. Na maji kidogo kidogo ndiyo yaliyokuwa yanazuia nisitapike. Mimba ya miezi minane kila mtu anaipisha. Ya wiki tisa nani anaijua, na ungewezaje kuitangaza mbele ya watu arobaini wakati hata mama mkwe hujamwambia?

#7 Kipanga wa Ukonga
Bahasha ya kaki ni vyeti. Alikuwa anakwenda kwenye usaili. Hofu ya usaili inakausha mdomo na kulegeza magoti, mimi imenikuta. Anaweza kuwa ameshahudhuria kumi na tano na hiyo ndiyo ya mwisho kabla ya kurudi kijijini.

#8 Nesi wa Zamu
Au picha za eksirei. Bahasha ni ile ile. Na Ilala Boma si mbali na hospitali ya Amana.

#9 Kipanga wa Ukonga
Na si mbali na ofisi za serikali pia. Hapo tuko sare.

#10 Mbeba Boksi London
Wakuu, huku treni na mabasi yana utaratibu. Mjamzito anavaa beji, na tangu 2017 kuna nyingine ya rangi ya bluu kwa yeyote mwenye maradhi yasiyoonekana, imeandikwa maneno ya kuomba kiti. Hudaiwi cheti cha daktari. Ile mikanda ya shingoni ya kijani yenye maua ya alizeti nayo ilianzia huku kwenye treni. Kwetu tungekuwa na kitu kama hicho, haya yasingetokea.

#11 Mgeni wa Kanto
Sahihisho dogo, ndugu yangu wa London. Alizeti haikuanzia kwenye treni, ilianzia uwanja wa ndege wa Gatwick mwaka 2016, ndipo ikasambaa. Na mji wa Tokyo ulitangulia: mwaka 2012 walitoa alama nyekundu yenye msalaba mweupe na moyo, mtu anaining'iniza kwenye begi. Nilikaa kule miaka miwili ya masomo. Watu wanaiheshimu, lakini nimewaona pia wanaoitazama halafu wanafumba macho wakijifanya wamelala.

#12 Mbeba Boksi London
Asante kwa kuniweka sawa.

#13 Dada wa Tegeta
Beji kwa Dar? Wiki ya pili zitauzwa Kariakoo kwa bei ya jumla, kila mtu anayo. Halafu kwetu mtu akijitangaza mgonjwa anapoteza kazi, anapoteza mchumba. Nani atavaa?

MtotoWaTazara nina swali. Alivaa nini? Usinijibu kuwa alipendeza.

#14 MtotoWaTazara
Gauni la kitenge, rangi ya njano na kijani. Na sweta jeusi, hakulivaa, alikuwa ameliweka mapajani. Aliposhuka alikuwa amelifunga kiunoni.

#15 Dada wa Tegeta
Basi. Mwanamke yeyote humu ameshaelewa. Joto la Dar saa moja na nusu, gari limejaa, sweta limefungwa kiunoni wakati wa kushuka. Amechafuka. Hedhi imemjia ghafla, gauni la njano, angesimama katikati ya wanaume wote hao wamwone? Mimi nilikaa kwenye basi la Morogoro mpaka abiria wa mwisho akashuka, msaidizi wa dereva ananifokea kwamba nataka kulala stendi. Nilisubiri giza. Ningeitwa mkaidi, mwendawazimu, chochote, nisingesimama.

#16 Mama Tunu
Dada wa Tegeta umenifunga mdomo. Ya kwangu naiweka pembeni kidogo.

#17 Nesi wa Zamu
Sweta linaweza kuwa hilo. Ila na wagonjwa wa sikoseli huwa wanatembea na nguo nzito hata Desemba, baridi ikiwapiga inawaamshia maumivu. Asubuhi dirisha la daladala likiwa wazi upepo ni mkali. Na kuna maradhi mengine ya kina mama, endometriosis, ambayo watu wanayapa jina moja tu la chango na wenye nayo wanaambiwa wavumilie: tishu zinazofanana na za ndani ya mji wa mimba zinaota nje yake, kila mwezi zinavuja damu pasipo na pa kutokea. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mwanamke mmoja kati ya kumi walio kwenye umri wa kuzaa anayo. Wengi wanakaa miaka mingi kabla ya kuambiwa wanaumwa nini. Huyo hata angetaka kusema "naumwa", angesema anaumwa nini?

#18 Baridi ya Njombe
Sikoseli si ni ugonjwa wa Kanda ya Ziwa? Gongo la Mboto wapi na wapi.

#19 Nesi wa Zamu
Hapana. Kanda ya Ziwa na Pwani ndiko ilikojaa zaidi kwa sababu ya malaria. Mwenye kinasaba kimoja tu anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwa hiyo kwa karne nyingi kinasaba hicho kilibaki na kuenea palipo na mbu wengi. Lakini watu wanahama na wanaoana. Nchini mwetu wanazaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na wanakua, wanasoma, wanapanda daladala.

#20 Baridi ya Njombe
Kwa hiyo shemeji yangu mwenye AS ni mgonjwa?

#21 Nesi wa Zamu
AS ni mbebaji, kwa kawaida haumwi. Mgonjwa ni SS, aliyerithi kwa baba na kwa mama. Wakioana AS wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa SS. Tafadhali msimwache mama peke yake na lawama, damu ni ya wote wawili.

Niseme na langu, maana nimewasema wenzangu. Miaka ya nyuma, hospitali niliyokuwa nayo, aliletwa kijana usiku analia anataka sindano ya maumivu, na anaitaja dawa kwa jina na kipimo. Tukatazamana. Tukasema huyu teja, anaijua dawa kupita sisi. Tulimkalisha benchi kwa karibu masaa mawili. Mama yake alipofika na daftari la kliniki ya sikoseli, lililoandikwa tangu mtoto ana miaka miwili, nilisoma kurasa tatu nikashindwa kuendelea. Aliijua dawa kwa jina kwa sababu ameishi nayo. Nilimchoma sindano mimi mwenyewe. Akaniambia "asante dada". Mpaka leo mtu akisema kwa ujuzi anachotaka, najilazimisha kumsikiliza kwanza.

#22 Mkopo Umenichosha
Nyote mnatafuta ugonjwa. Si kila mzigo uko mwilini.

Mwaka juzi nilichukua mkopo wa kausha damu, laki tano, marejesho kila wiki. Biashara ikalala. Siku moja wakaja wakachukua friji, wakachukua na televisheni, mwanangu wa darasa la pili amekaa anaangalia katuni, wakaichomoa ukutani picha ikiwa inatembea. Nikatoka nikapanda gari, sijui hata nakwenda wapi. Nikakaa. Baadaye mtu ananipiga bega, ananiambia huoni mzee amesimama? Nakula kiapo, sikumwona. Macho yalikuwa wazi na mzee alikuwa mbele yangu na sikumwona. Nikatukanwa mpaka Ubungo. Nami nilisema "siwezi", sikujua kwa nini nimesema hivyo. Labda nilikuwa namjibu mtu wa mkopo.

#23 MtotoWaTazara
Pole sana mkuu. Kwa kweli.

#24 Mkopo Umenichosha
Nimeshapoa. Friji bado.

#25 Mwl Kibena
Kuna mwanafunzi wangu, binti wa kidato cha tatu, alikuwa haitikii akiitwa kutokea nyuma. Walimu wanne tulimwandika mtovu wa nidhamu. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa tangu utotoni na hakuwahi kuambiwa kuwa watu wengine wanasikia kwa yote mawili. Hilo halimhusu binti wa #1, maana yeye alijibu. Nimelitaja kwa sababu ya neno "mdomo alikuwa nao" kule #2. Mtoto huyu naye alikuwa na mdomo. Hakujua kuna cha kusema.

#26 Mwana wa Pemba
Assalaam alaykum. Skizeni, mie nilifunzwa kitu kimoja chuoni, nacho ni husnudhani, kumdhania mwenzio kheri mpaka uone vyengine. Sura ya 49, aya ya 12, tunaambiwa tujiepushe na dhana nyingi, maana baadhi ya dhana ni dhambi. Sasa hapa kila mtu ana dhana yake, ya mimba, ya hedhi, ya deni. Ni dhana njema, sawa, lakini ni dhana. Mwenyewe angesoma uzi huu angeona watu bado wanampekua mwili wake.

#27 Dada wa Tegeta
Kaka wa Pemba, hilo limenichoma. Nimelipokea.

#28 Shoka Butu
Naam, huyo kasema. Lakini ndugu zangu, naomba mnielewe na mimi. Mnaongea kama vile anayesimama hana chake. Nina goti lililofanyiwa upasuaji. Halionekani, suruali imelifunika. Nikisimama Mbagala mpaka Posta, usiku silali. Sisemi, kwa sababu nikisema naambiwa uzee. Kwa hiyo kijana akikataa kunipisha nakasirika, na hasira yangu nayo ina mahali inapotoka.

#29 Nesi wa Zamu
Mzee wangu, hilo goti ungelileta #2 tungeanza mazungumzo mengine. Pole sana. Unalifanyia mazoezi uliyopewa?

#30 Shoka Butu
Niliacha.

#31 Nesi wa Zamu
Nitakuandikia pembeni.

#32 Nyali Mpya
Habari zenu kutoka Mombasa. Huku kwenye matatu ni yale yale, ila kila mmoja ana kiti chake, kusimama ni makosa, kwa hivyo vita vyetu ni vya dirisha. Nataka kuongeza sonona. Dadangu mdogo alikuwa hawezi kuinuka kitandani, tukamwita mvivu mwaka mzima. Alipojaribu kujitoa uhai, jambo la kwanza lililofika hospitalini ni polisi, kabla ya mshauri nasaha. Alhamdulillahi yuko hai, anatibiwa, anafanya kazi. Nashukuru bunge letu lilifuta sheria inayomfanya anayejaribu kujiua kuwa mkosaji.

#33 Wakili wa Kijiweni
Pole kwa yaliyokupata dada, na hongera kwa kumshika mkono. Mambo mawili: si bunge lililofuta, na yaliyotokea Kenya hayajafika kwetu. Ni Mahakama Kuu ya Nairobi iliyotamka, Januari 2025, kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume na Katiba. Kwetu Tanzania Kanuni ya Adhabu bado inalihesabu jambo hilo kuwa kosa. Mtu anayetafuta msaada anaogopa pingu.

#34 Nyali Mpya
Shukran. Mahakama, ndiyo. Nilichanganya.

#35 Kipanga wa Ukonga
Turudi kwenye gari. Nimesoma yote na kuna mtu mmoja hatujamsikia. Bibi mwenyewe. Gari zima linamtetea, yeye alisema nini?

#36 Mama Tunu
Swali zuri. MtotoWaTazara?

#37 Baridi ya Njombe
Jamaa yuko hapa, naona anasoma. Tunasubiri.

#38 MtotoWaTazara
Nilitumaini hamtauliza.

Bibi alisema, "Mwacheni mwanangu, mimi nimezoea kusimama." Alisema mara ya kwanza pale pale konda alipoanza. Akasema tena kabla ya kufika Tazara. Mara ya pili alimwekea binti mkono begani, na yule binti aliuinamia ule mkono kidogo, kama hivi mtu anavyolaza shavu. Tuliona. Tuliendelea kusema. Jamaa mmoja nyuma akasema, "Bibi nawe unawadekeza." Mimi nilisema neno langu baada ya hapo, siyo kabla. Kwenye #1 nimeliandika kama vile nililisema wakati bibi amenyamaza.

Bibi alishuka Buguruni. Aliposhuka alimwachia binti chungwa moja kutoka kwenye kikapu. Binti alilishika mpaka Ilala.

#39 Dada wa Tegeta
Mungu wangu.

#40 Mkopo Umenichosha
Kwa hiyo bibi alijua.

#41 Mwana wa Pemba
Au hakujua chochote. Hakuuliza.

#42 Nesi wa Zamu
Wazee wa hivyo nawafahamu, wanakuja kuuguza. Anakaa kwenye kitanda cha mtu asiyemjua anamshika mguu. Huwezi kumuuliza kwa nini.

#43 Shoka Butu
Siti ya pili kwa bibi wa miaka sabini bado ilikuwa haki yake. Nalisema hilo na sitalibadilisha. Lakini wanaume wa kusimama walikuwa wangapi mle ndani na wa kukaa wangapi? Kwa nini konda alimchagua binti?

#44 MtotoWaTazara
Siti ya nyuma yake walikaa vijana wawili wanaume. Hakuna aliyewaambia neno. Hata mimi.

#45 Mama Tunu
Hapo sasa ndipo uzi ulipotakiwa kuanzia.

#46 Kipanga wa Ukonga
Mimi bado nasema vyeti. Chungwa namwachia bibi.

#47 Dada wa Tegeta
Na mimi bado nasema sweta. MtotoWaTazara kaka yangu, ukimwona tena usimwombe msamaha mbele za watu. Utamtia aibu ya pili.

#48 MtotoWaTazara
Napanda gari la saa ile ile kila siku tangu Jumanne. Sijamwona. Bibi nilimwona jana, pale Banana. Nilimpisha siti. Nilitaka kumuuliza nikashindwa, nikambebea kikapu kushuka Buguruni. Kizito kweli kweli. Alikuwa amesimama nacho siku ile.

#49 Baridi ya Njombe
Nesi, samahani kutoka nje ya mada. Shemeji yangu AS, anataka kuoa mwakani, mchumba hajapima. Wapime wapi na ni gharama kubwa?

#50 Nesi wa Zamu
Si nje ya mada. Mwambie waende pamoja hospitali ya mkoa au ya wilaya yenye maabara, waombe kipimo cha sikoseli, damu kidogo tu. Bei inatofautiana, wakipiga simu kwanza wataambiwa. Na mwambie shemeji aende yeye mbele. Asimtume mchumba peke yake kama vile ndiye anayeshukiwa.

#51 Baridi ya Njombe
Ubarikiwe. Namwambia leo jioni.